Mkono Uliomfunga Bi Hindu

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, ya kupuuzwa. Gona Mwambire alikuwa amejilaza mkekani, kifua wazi, jua la utosi limewafungia watu wote wa Maweni majumbani mwao, akasikia zipu ikivutwa. Zzzrrr. Polepole, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayefunga begi lililojaa na hataki likatike. Ikafika nusu. Ikanyamaza.

Akafungua jicho moja.

"Mama Dama, unafunga nini huko?"

"Nifunge nini nami mikono imejaa nazi?" mkewe Everlyne alimjibu kutoka uani. "Lala, Baba Dama. Ukiamka ufunge huo mdomo."

Gona akacheka, akajigeuza ubavu. Lakini usingizi ulikataa kurudi. Chumbani mle hamkuwa na zipu. Suruali zake zilikuwa kambani nje, na mkoba wa Everlyne ulikatika zipu tangu Pasaka, siku hizi ukifungwa kwa pini. Akabaki kuyakodolea macho makuti ya paa. Ndipo harufu ikamfikia: udi, ule wa nyumba za watu wa Shela, na chini ya udi, imejificha kama siafu chini ya jamvi, harufu ya klorini.

Klorini aliielewa. Ndiyo iliyomlisha. Udi je, umetoka wapi katika nyumba ya Mgiriama wa Ganze ambaye manukato yake ya pekee ni moshi wa kuni?

Sasa, kabla hujaanza kumwonea huruma, sikiliza kwanza sifa zake.

Korona ilipoingia nchini, Gona alikuwa mtu wa kufagia majani katika hoteli moja ya ufuoni. Watalii wakapanda ndege, hoteli ikafunga milango, majani yakabaki yakifagiwa na upepo bila mshahara. Shule nazo zikafungwa, binti yao Dama akapelekwa kwa nyanyake Ganze. Gona akakaa barazani akikuna goti mpaka afisa mmoja wa afya ya umma, Abdulqadir, alipopita mtaani akitafuta vijana wasioogopa maiti. Gona hakuogopa maiti. Aliogopa njaa na mkewe, na kati ya hivyo viwili njaa ilikuwa na nafuu.

Akapewa suti nyeupe ya plastiki, barakoa, miwani ya kuziba macho, glavu na pampu ya dawa ya kubeba mgongoni. Hapo mfagizi akageuka sultani! Watu waliokuwa hawaitikii salamu yake sasa walikimbilia ndani akichomoza kwenye kona. Wazee wakampisha njia. Akina mama wakanyakua watoto vibarazani. Wenzake kwenye kikosi cha mazishi walivua suti papo hapo kazi ikiisha, zikachomwe moto kama walivyofundishwa. Gona alitaka kwanza apite nayo mtaa mzima, akitembea katikati ya barabara, mikono mbali na mbavu, kama bwana harusi aliyevalishwa nguo ya kuazima, kisha aitundike nyumbani kwake msumarini. Muuguzi Dorcas wa wadi ya kutengwa alimfokea mpaka sauti ikamkauka.

"Wewe utatuletea ugonjwa, Gona. Vua hiyo!"

"Dada Dorcas, ugonjwa wenyewe unaniogopa," Gona alijibu. "Hata uwe tajiri wa Malindi nzima, wa mwisho kukuona ni mimi."

Ndiyo akili iliyoingia wadini siku aliyofariki Bi Hindu.

Bi Hindu alikuwa mkaazi wa Shela, hapa hapa Malindi, ila asili yao ni Lamu. Alikufa na oksijeni puani, na hakuuawa na jini wala uchawi. Ilikuwa korona, ile ile iliyokuwa ikikatiza pumzi za watu dunia nzima. Lakini Bi Hindu alikuwa na jambo lake. Alikuwa kiti. Jini wa ukoo wao alimkalia tangu usichana, alipomrithi kwa nyanyake: jini mstaarabu, wa udi na marashi na halua siku ya Ijumaa, asiyemgusa mtu madhali hakuguswa. Na jini wa namna hiyo haachwi ndani ya maiti kama kanga kuukuu sandukuni. Ana heshima zake. Mrithi huinama sikioni mwa aliyekufa, akamwita jini kwa jina lake apande mpaka mdomoni, kisha akampa ruhusa: kiti kimevunjika, hatuna ugomvi nawe, nenda kwenu kwa amani. Maneno ya kumwita ni machache. Ya kumpa ruhusa ni machache vilevile. Ila lazima yafuatane, kwa sababu jini aliyekwisha kuitwa ni kama mgeni aliyesimama kizingitini. Humfungii mlango usoni.

Mrithi alikuwa Hafswa, mjukuu wake, msichana mwembamba aliyeuza mahamri asubuhi na ambaye watu walisahau sauti yake kwa upole. Dorcas alimvika suti na glavu, akamsimamisha kichwani pa marehemu. Ruhusa hiyo haikuwa ya kuiba. Abdulqadir mwenyewe alikuwa amesema redioni, kwa sauti yake nene, kwamba kila familia itapewa nafasi ya kumuaga mtu wake, na Waislamu watamtayamamisha maiti wao kwa udongo badala ya maji, bora wavae kinga. Watu walimsifu sana kwa maneno yale.

Siku hiyo alikuwa mlangoni, simu sikioni, gari linanguruma nje, kafyu inakaribia. Hafswa akainama. Akaanza. Na midomo ya Bi Hindu, kama Dorcas alivyoapa baadaye, ilitikisika.

"Funga!" Abdulqadir akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Bado," alisema Hafswa bila kuinua kichwa. "Kaka, nakuomba. Neno moja tu limebaki."

Gona angeweza kungoja. Hata chafya huchukua muda mrefu kuliko lile neno. Lakini kikosi kizima kilikuwa kinamtazama, na Gona akitazamwa hakuwahi kujizuia. Akaishika zipu ya mfuko wa maiti.

"Mengine mpigie simu, dada. Huko anakokwenda mtandao upo."

Ngumbao, aliyeshika upande wa miguu, akacheka ndani ya barakoa yake. Zzzrrr, mpaka juu. Kisha Gona akaupiga mfuko dawa, juu chini, juu chini, kama anamwagilia bustani ya hoteli, na Hafswa akabaki ameinamia plastiki, mdomo wazi, neno limemkaa ulimini.

Hakulia. Hakumlaani. Aliitazama tu ile miwani, akauliza taratibu:

"Jina lako nani, kaka?"

Naye Gona, kwa fahari zake zote, akamtajia jina lake na la baba yake.

Tangu hapo ndipo zipu ilipoanza. Haikuja usiku. Watu husubiri usiku ndio waogope, wakaweka taa na kisu chini ya mto. Majini wa pwani wana saa yao nyingine, ile ya jua la utosi, kivuli chako kimeingia chini ya nyayo na njia nzima haina hata kuku. Saa hiyo, kila siku, zzzrrr. Mara chini ya kitanda. Mara nyuma ya mlango. Mara, na hapo Gona alitoka nje mbio na sahani ya sima mkononi, ndani ya ukuta, karibu na kichwa chake. Kila siku ilipanda kidogo zaidi kabla ya kunyamaza.

Akajaribu ubingwa wake. Akajaza pampu, akanyunyiza klorini chumba kizima, kuta, dari, mpaka kuku wakahama uani. Alipomaliza akanusa. Pampu ilikuwa inatoa harufu ya udi.

"Umeanza kuniletea marashi ya wanawake wa Shela," Everlyne akamtania. Lakini alikuwa amekaa vingine. Everlyne wa siku zote alikaa kigodani, magoti huku na huku, akikuna nazi na kusengenya. Huyu alikuwa mkekani, mgongo umenyooka, miguu ameikunja upande mmoja, leso imemfunika mpaka vidoleni, kama bibi aliyezaliwa kwenye nyumba ya ghorofa na vitanda vya matendegu ya kuchonga.

"Mama Dama, umefunzwa na nani kukaa hivyo?"

"Kukaa vipi?" Kisha, akiinyoosha leso: "Baba Dama, nipatie halua."

"Halua? Wewe si husema inanata kama gundi?"

"Yeo ni Ijumaa," alisema Everlyne.

Alisema yeo, kama mtu wa Lamu. Hakusema leo. Gona akangoja acheke. Hakucheka.

Halua haikupatikana, kwa kuwa Gona hakwenda kuitafuta. Alijiambia ni njaa ya karantini imempanda mkewe kichwani. Kesho yake, jua la utosi, Everlyne aliangusha mbuzi ya kukunia nazi, akashika kifua, akaanza kuvuta pumzi kwa vipande, kama mtu anayenywa maji kwa kijiko. Saa ile ikapita, pumzi ikarudi. Siku iliyofuata ikawa vile vile, na ndefu zaidi. Jirani mmoja akachungulia juu ya ua, akamwona anavyohangaika, na kabla Gona hajamwambia nyamaza, mtaa mzima wa Maweni ulikwisha kujua kwamba korona imeingia kwa yule yule wa suti nyeupe.

Walivyofurahi! Milango aliyoifunga kwa kutokea tu kwenye kona sasa ilifungwa akipiga hodi. Muuza maji akamwachia mitungi mbali, karibu na jaa. "Wa mwisho kutuona ni Gona," mtu alipaza sauti kutoka dirishani, "na wa kwanza kuugua ni Gona!" Kicheko kikazunguka nyumba kwa nyumba. Gona akabeba maji yake, shingo chini.

Dorcas alikuja, amevaa kinga kamili. Alimchukua Everlyne kipimo, akampima joto, akamsikiliza mapafu mbele na nyuma, akambana kidole na kile kidude cha kusoma hewa ndani ya damu. Majibu yalipotoka alirudi nayo mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Hana korona."

"Asante Mulungu wangu!"

"Usishukuru bado. Mapafu yake hayana kitu. Damu yake ina hewa tele. Na bado anakosa pumzi, nimemwona kwa macho yangu. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mtu anayezama juu ya nchi kavu." Akateremsha sauti. "Mama Dama, mpenzi, niruhusu nione kifua chako tena."

Everlyne akaisogeza leso. Gona alikuwa hajaona, kwa sababu siku hizo mkewe alioga kwa kujificha. Kutoka kitovuni kupanda juu, katikati kabisa, kulikuwa na mstari wa alama ndogo ndogo, meno mawili mawili yaliyoumana, yamezama kwenye ngozi kama yaliyochongwa. Zilipanda tumbo lote, zikapita kati ya matiti, zikaishia chini ya koo.

"Jana yalikuwa hapa," Everlyne alinong'ona, akiweka kidole kifuani. "Juzi hapa. Baba Dama, yakifika mdomoni itakuwaje?"

Dorcas alimvuta Gona uani, akatazama huku na huku kama mwizi.

"Mimi ni muuguzi, na Jumapili niko kanisani. Neno hili sijalisema, na ukisema nimelisema nitakukana. Siku ile nilisimama kichwani pa Bi Hindu. Niliona midomo ya maiti ikifunguka kutoa kitu, na nikaona mkono wako ukikifungia. Nenda Shela. Nenda kwa yule binti. Na hiyo suti usiende nayo."

Akaenda bila suti. Njia nzima alijitungia maneno, hata kamzaha kadogo ka kulainisha mambo. Hafswa alikuwa barazani kwao akitandaza mahamri kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Hodi, dada."

"Karibu, Gona Mwambire."

Kamzaha kakafia hapo hapo. Gona, mwanamume mrefu vile, akapiga magoti kwenye mchanga wa njia, watu wanapita, barakoa inamning'inia sikio moja.

"Mke wangu anakufa. Anafungwa, dada. Anafungwa kama nilivyo... Nakuomba uje. Neno moja tu. Ulisema limebaki neno moja."

"Lilibaki, ndiyo."

"Basi njoo ulimalize, dada yangu. Nakuomba."

"Mpigie simu," alisema Hafswa.

Gona akainamisha kichwa.

"Mkeo ana kosa gani?" Hafswa akauliza.

"Hana. Haki ya Mungu hana."

"Na nyanya yangu alikuwa na kosa gani?" Akaufunika ungo kwa kitambaa, akaupigapiga pembeni kuusawazisha, kama kwamba mahamri ndiyo yaliyokuwa jambo kubwa. "Siku ile nilirudi nyumbani nikakaa nalo lile neno kooni. Nilikula nalo. Nililala nalo. Wewe ulilala vipi, Gona Mwambire?" Hakungoja jibu. Aliingia ndani, akatoka na chetezo na kifurushi cha udi. "Naja kwa ajili ya mkeo. Wewe usijihesabu."

Walifika jua likiwa karibu na utosi. Everlyne alikuwa ameegemea ukuta, na meno yalikwisha kupita koo, yanaanza kupanda kidevu. Hafswa akawasha makaa, akaweka udi, akamwamuru Gona akae pembeni na asitie neno hata akiulizwa. Moshi ukapanda wima, haukwenda kulia wala kushoto ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo unavuma, na ulipofika usawa wa uso wa Everlyne ukapinda, ukaingia puani mwake wote, kama maji yanavyoingia kwenye shimo la kaa, na Gona akaona tumbo la mkewe linajaa na kifua kinajaa na shingo inajaa na bado hakuna hata uzi mmoja wa moshi unaotoka, na kule nje kuku wakanyamaza, na watoto wa jirani wakanyamaza, na mtaa ukawa mtupu kabisa chini ya jua jeupe, akatamani mtu yeyote apite, hata yule aliyemcheka dirishani, hata mbwa, maana ile zipu sasa haikuwa chini ya kitanda wala ndani ya ukuta, aliiona kwa macho yake, jino moja likiuma jino jingine juu ya kidevu cha mama wa mtoto wake, polepole, bila mkono wowote wa kuivuta.

"Umefika," Hafswa alisema kwa adabu, kama anayempokea mgeni. "Shikamoo, bwana wangu."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti laini, nzuri, ya mtu mzima wa Lamu aliyelelewa akalelewa. Ilitoka kwenye kinywa cha Everlyne, lakini midomo haikusogea. "Uliniita. Nikapanda. Nali mdomoni, nangoja unipe ruhusa. Wakanifungiya ndiya ya kutokeya."

"Najua, bwana. Nisamehe."

"Huna la kusamehewa. Nalisikia sauti ikinena funga. Nalisikia mkono ukifunga. Kisha wakanimwagia maji yao machungu, wakanifukia na kiti changu kilichovunjika, giza, moto, harufu. Nimetoka humo kwa kucha." Macho ya Everlyne yakageuka taratibu mpaka yakamwona Gona ukutani. "Ndiwe mkono."

Gona alitikisa kichwa, kisha akaona aibu, akakitikisa tena kwa namna ya kukubali.

"Walikifunga kiti changu, nami natezama. Nawe tezama."

Jino likauma. Jingine. Likabaki la kwenye mdomo wa chini, na Everlyne, yule wa kweli, aliyekuwa mahali fulani nyuma ya macho yale, akatoa sauti ya paka aliyebanwa na mlango.

"Dada!" Gona akapiga yowe. "Sema neno lako! Lisemeee!"

Hafswa hakumtazama. Alikuwa ameinama, mdomo karibu na sikio la Everlyne, lakini hakusema neno. Aliuliza swali. Gona aliona midomo yake ikitembea na kunyamaza, kutembea na kunyamaza, na kila akinyamaza alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza bei asiyoitarajia. Wakawa wanasemezana hivyo, binti na yule aliyekaa ndani, mashavu yamegusana, wakinong'ona kama shangazi na mpwa wanaopanga harusi. Mara moja tu Hafswa aliinua uso, akamtazama Gona kuanzia nyayo mpaka nywele, akasita. Akautazama mkono wa kulia wa Gona. Kisha akarudi sikioni, akasema neno.

Zipu ikafunguka.

Ilifunguka yote mara moja, kutoka mdomoni mpaka kitovuni, kwa kishindo kama kitambaa kinachopasuliwa, na Everlyne akavuta pumzi, pumzi kubwa, chafu, yenye makohozi na moshi, nzuri kuliko wimbo wowote ambao Gona aliwahi kuusikia. Akakohoa. Akalia. Akaomba maji kwa Kigiriama, kwa ukali wake ule ule wa kawaida, akamwita mumewe mjinga kwa kuchelewa kuyaleta. Ngozi yake ilikuwa safi, nyororo, haina hata mkwaruzo.

Gona akamkumbatia. Akacheka, akalia, akacheka. Na kwa kuwa mtu haachi tabia kwa siku moja, alipoona mambo yametulia tu, kifua kikaanza kumpanda.

"Nilijua! Nilijua tutamweza! Dada Hafswa, wewe ni moto. Mimi na wewe tukishirikiana, majini wote wa pwani hii watahamia Tanga! Amekwenda, siyo? Amekwenda kwao?"

Hafswa alikuwa anakung'uta majivu ya chetezo uani, polepole, akihakikisha hakuna kaa lililobaki.

"Maneno ya ruhusa mwisho wake huwa mmoja," alisema. "Nenda kwenu. Siku ile ningeyasema hayo, naye angekwenda, nawe ungekuwa umelala mkekani pako. Leo nimemuuliza kwanza. Amekataa kwenda kwao. Amesema ameshapata mkono, ila sauti bado hajaipata."

"Sauti gani?"

"Iliyosema funga."

"Kwa hivyo umemwambia nini?"

"Nimemwambia aende anakotaka kwenda," alisema Hafswa, "na kwamba wewe unaijua njia." Akajitanda buibui lake, akavaa barakoa, akaiweka sawa puani. "Mama Dama, ugua pole, mamangu. Kama una kwenu, kesho nenda kwenu."

Akatoka, wala hakugeuka.

Gona alitaka kumkimbilia. Miguu haikuondoka. Alitaka kusema na mkewe, akaona Everlyne hamtazami usoni. Anautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umejiinua peke yake na kuanza kuipapasa suti nyeupe iliyotundikwa msumarini, kwa ustaarabu, kidole baada ya kidole, kama mwanamke anayechagua kitambaa dukani.

"Baba Dama," Everlyne alinong'ona. "Uweke chini huo mkono."

"Nauweka," alisema Gona. Haukwenda.

Simu ikalia mkekani. Mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa wake, uliibonyeza, na sauti nene ya Abdulqadir ikajaa chumbani.

"Gona! Wewe uko wapi? Nimeambiwa mkeo hana kitu, sasa unangoja nini? Kuna maiti huku wadini, familia imekuja na mambo yao ya kuagana, wanatuchelewesha. Vaa upesi."

Gona akakusanya pumzi zote alizokuwa nazo amwambie hapana, bosi, nimeacha kazi, kimbia, bosi, funga mlango, usinifungulie. Maneno yakapanda mpaka ulimini, yakasimama hapo, yakakutana na mtu mwingine aliyekwisha kufika kabla yao.

"Naam, bwana mkubwa," kinywa chake kikasema, laini, kwa sauti ya mtu mzima wa Lamu. Everlyne akarudi nyuma kwa makalio mpaka ukuta ukamzuia. "Usiondoke hapo ulipo. Twaja."

Upande wa pili Abdulqadir akaangua kicheko.

"Mbona leo una adabu hivyo, Gona? Haya, njoo. Nakungoja mlangoni."